Ufunguo Uliofungwa Kwenye Pindo la Kanga

Mama,

Shikamoo. Najua huitikii tena, lakini mkono umekataa kuanza bila hiyo.

Nimekaa kwenye kitanda chako, upande wa ukutani. Ni saa nane kasoro mchana. Leo sikwenda kazini, tajiri wangu kafunga duka, wana sherehe yao ya hekaluni. Mjukuu wako Nasra kalala kaachama mdomo, vilevile ulivyokuwa unamcheka: "Huyu anasubiri nzi gani?" Nje mashine ya zege inaunguruma. Lile shimo la jirani ulilokuwa unalisonya kila ukipita limeshafika ghorofa ya tatu, na jua la asubuhi halifiki tena uani kwetu. Nguo zinakauka jioni, na zikikauka zina vumbi la simenti.

Nimekaa na habari hii wiki mbili, natafuta pa kuishikia. Basi niiseme tu. Somoe hayupo. Hajafa, Mama, usishtuke. Mjomba Bakari kamchukua, yuko naye Lindi. Na aliyefanya mdogo wangu achukuliwe ni mimi.

Siku uliyoondoka, nesi alinipa mfuko. Ndani mlikuwa na kanga zako mbili, kandambili moja ya kulia, na chupa ya uji ambao hukuunywa. Nilipoikung'uta kanga moja nikasikia kitu kizito kwenye pindo. Ulikuwa ufunguo wa chumba. Ulikuwa umeufunga kwa fundo lako lile la kuzungusha mara mbili, ambalo mdogo wangu Rehema hajawahi kulifungua bila meno. Na mimi nililifungua kwa meno, pale kwenye benchi la korido, watu wananitazama.

Asubuhi ile ulisema unaenda kupima presha na kurudi. Bajaji ilikuwa inapiga honi, ukatoka, ufunguo ukaenda nao. Katika maisha yangu yote ilikuwa mara ya kwanza kukuona unatoka bila kumpa mtu ufunguo. Nilidhani ni haraka. Sasa najua ulikuwa umeshaanza kuondoka.

Watu hawakuuelewa ufunguo wako, Mama. Hata sisi. Vyumba viwili vya kupanga, watu watano, ufunguo mmoja. Wapangaji wenzetu humu ndani kila mtu ana wake, sisi tunakaa barazani na mabegi ya shule kama abiria waliokosa basi. Rehema akinuna, "Mama jamani, ufunguo unachongwa dakika mbili pale kona!" wewe unamjibu bila kugeuka, unachambua mchele wako: "Aliyekwambia mimi nina haraka nani?" Na ukirudi ukatukuta tuko ndani, hukuanza kuuliza kama tumekula. Ulianza na hili: "Aliyekupa ufunguo mkononi nani?"

Mkononi. Haukuwekwa chini ya ndoo, haukutundikwa msumarini, haukuachwa kwa Mama Rozi wa chumba cha mbele. Anayetoka anampa anayebaki, na akimpa anasema. Nakukumbuka umeshajitanda kanga ya kutokea, umenyoosha mkono: "Asha, Somoe yuko chuoni kwa maalimu, anatoka saa kumi, usipitilize. Ndoo ya bluu ni maji ya chumvi, usije ukampikia mtu chai. Maharage bado kidogo. Rehema ana homa anaificha, mpapase shingo." Nikivuta kabla hujamaliza, huachii. Unanitazama tu mpaka niseme, "Nimesikia, Mama." Ndipo vidole vyako vinalegea.

Nilidhani ni ubahili. Nilipokua nikadhani ni ubishi wa watu wa kwenu kusini. Nimeolewa, nimezaa, nimerudi kukaa hapa na wewe kwa sababu Baba Nasra maisha yake ni barabarani na malori, na bado sikuelewa.

Siku ya arobaini yako, wageni walipokwisha kula pilau, Mjomba aliniita. Nilikaa mlangoni, Nasra ananyonya. Nguo zako zilikuwa zimegawiwa asubuhi yake, zote isipokuwa ile kanga ya ufunguo, niliificha chini ya godoro. Nilijua wakimaliza nguo wanakuja kwa watoto. Mjomba hakuwa mkali. Alisema, "Asha mwanangu, wewe mwenyewe unanyonyesha. Mumeo leo Tunduma, kesho Zambia. Rehema ni mkubwa, anajiweza. Huyu mdogo nipe nimpeleke akakae na wenzie kwangu."

Nikasema hapana. Sauti ilitoka kubwa kuliko nilivyotaka, mpaka wanawake wa uani wakageuka. "Niachie, Mjomba. Nyumba hii itaenda kama alivyokuwa anaiendesha mama."

Alivuta pumzi, akasema, "Haya. Shule zikifungwa nakuja. Nikikuta inaenda, sitafungua mdomo tena."

Sikukaa bure, Mama, nataka ulijue hilo. Vyombo vilivyochanganyikana msibani nilivifuata mlango kwa mlango, kila chenye ile alama yako ya rangi ya kucha nyekundu, vikarudi vyote isipokuwa lile sufuria kubwa la shughuli. Hilo mpaka leo kila mtu kaliona kwa mwenzie. Nilipata kazi duka la vitambaa Mtaa wa Sikukuu. Tajiri wangu ni mama wa Kihindi anayekaa Upanga, ana maneno mengi lakini roho hana mbaya, ananiacha nimlaze Nasra nyuma ya majora. Nikaandika ratiba kwenye karatasi ya daftari, nikaibandika nyuma ya mlango. Nani anateka maji. Nani anaosha vyombo. Sare zinafuliwa Jumatano na Jumamosi. Uji unapikwa alfajiri unakaa kwenye chupa. Mama Rozi alikuja akaisoma, akaguna, "Heee, Asha! Hii nyumba au kambi ya jeshi?"

Kilichonishinda ni ufunguo. Wewe ulikuwa unauza vitumbua vyako hapohapo barazani, ufunguo ulikuwa na pa kurudi. Mimi niko dukani. Somoe anatoka shule saa saba anakaa mlangoni. Rehema anatoka saa nane, anakuja mbio dukani kuufuata, anarudi mbio, tuisheni imeshaanza. Siku moja ilinyesha mvua ya upepo, nikarudi nikamkuta Somoe kajikunyata mlangoni, begi kichwani, sare imemganda mwilini. Mama Rozi alikuwa kaenda kanisani. Nilimvua nguo huku nalia. Kesho yake nikapita kwa fundi funguo pale kona.

Nikamwambia anichongee mbili. Akaniuliza, "Mbili tu, dada? Na wangu uko wapi?" Nikacheka. Mara ya kwanza tangu uondoke, nikacheka, na nilicheka kwa hilo.

Mmoja nikampa Rehema. Wa pili nikautia utepe mwekundu nikamvisha Somoe shingoni. Jioni ile alitembea uani kifua mbele kama mjumbe wa nyumba kumi.

Na nyumba ikaenda, Mama. Nisikufiche. Hakuna aliyekaa barazani, hakuna aliyekosa tuisheni, hakuna aliyelowa. Mtu anaingia anakula anatoka. Siku moja nafua, nikasema kwa sauti kabisa, "Unaona sasa?" Nilikuwa nakwambia wewe. Hilo ndilo linalonila.

Kwa sababu tuliacha kukutana. Sikuliona. Rehema anaingia na wake, mimi naingia na wangu, Somoe na wake, hakuna anayempa mwenzie kitu, kwa hiyo hakuna anayesema kitu. Karatasi ya mlangoni ilikuwa inasema kwa niaba yetu. Na karatasi haimpapasi mtu shingo.

Ilikuwa Alhamisi, wiki ya kufunga shule. Somoe aliumwa kichwa darasani, mwalimu akamruhusu saa tano. Akaja peke yake. Akafungua kufuli kwa ufunguo wake, akaliacha linaning'inia kwenye komeo, akaingia, akapanda hapa nilipokaa, akashusha chandarua, akajifunika gubigubi. Saa nane akaja Rehema. Kukuta kufuli linaning'inia, akajua ni mimi nimepita, nimemchukua Somoe nikaenda naye dukani, kwa haraka nikasahau kufunga. Akachukua daftari zake, na kwa kuwa Kariakoo si pa kuacha mlango wazi, akalibana kufuli akaenda tuisheni. Saa kumi nikaja mimi, Nasra mgongoni, kumchungulia Somoe. Nikakuta kufuli limefungwa. Nikasema, ah, Rehema kaenda naye. Kuna siku huwa anaenda naye.

Mama, nilikuwa nimesimama mlangoni, ufunguo mkononi. Nikageuka nikarudi kazini.

Ungekuwepo ufunguo mmoja, kufuli lingekuwa limefungwa na mtu, na mtu huyo angekuwa dukani kwangu ananiambia Somoe yuko wapi. Au Somoe angekuwa barazani, anaonekana, hata kama anaungua jua. Ulikuwa unajua. Hukuwahi kutueleza, lakini ulikuwa unajua.

Aliamka mwili unawaka. Aliita, mashine ya zege ikawa inaunguruma kama hivi sasa. Akaenda kwenye mlango akausukuma. Kisha akauvua ufunguo wake shingoni. Aliniambia mwenyewe, usiku ule nampangusa kwa maji, bila kulalamika, kama mtu anayekueleza hesabu iliyomshinda: "Dada, nilitafuta tundu. Kwa ndani halipo."

Mjomba alikuja kabla ya siku aliyosema. Alifika saa kumi na moja, mafundi wanashuka, mashine imezimwa, na uani wote ndiyo kwanza wanasikia sauti ya mtoto ndani ya chumba. Mama Rozi anapiga kelele, "Jamani humu mna mtu!" Wanalitikisa kufuli. Mjomba kaweka begi lake chini, anauliza ufunguo uko wapi, na hakuna anayejua, ulikuwa sehemu tatu. Mama Rozi akamwambia, "Mzee, hilo la Kichina hilo, usilibembeleze, piga!" Akalipiga kwa mchi wa kinu chako. Mara tatu.

Niliporudi, alikuwa amekaa barazani pako, palepale, Somoe mapajani kaviringishwa koti lake. Kufuli lililovunjika liko pembeni yake. Nikasema, "Shikamoo, Mjomba." Akasema, "Marahaba." Kwa upole, Mama. Kisha akauliza, "Mtoto alikuwa mikononi mwa nani?"

Nilitaka ardhi ipasuke. Lilikuwa swali lako.

Rehema naye alikuwa ameshafika, kasimama na begi. Akasema, "Mimi ndiye niliyefunga." Mjomba akamgeukia. "Binti mzima, unafunga mlango hutazami ndani? Hata kuku mtu humtazama bandani kabla hajafunga." Rehema akalia mpaka akakaa chini. Na mimi nikanyamaza.

Nilikuwa na maneno yote mdomoni. Mimi ndiye niliyechonga funguo. Mama alikataa miaka yote, mimi nikachonga. Mimi ndiye niliyesimama hapa saa kumi nikaondoka. Sikusema hata moja. Nilipiga mahesabu haraka, Mama, mahesabu ya aibu: kosa likiwa la Rehema, mimi nitabaki mtu wa kuaminiwa, na Somoe atabaki. Nikamwacha mdogo wangu wa miaka kumi na tano alie kwa kosa langu. Na Mjomba akamchukua Somoe vilevile.

Ilikuwa malaria, kamaliza dawa, usihofu. Walisafiri Jumatatu. Stendi nilitaka kumvua ule utepe, akaushika kwa mikono miwili. Mjomba akamwambia, "Kufuli lenyewe limeshavunjika mwanangu, huo unafungua wapi?" Somoe akasema, "Kwetu." Mjomba akageuka akawa anashughulika na mabegi, muda mrefu kuliko mabegi yenyewe.

Basi sikia nyumba yako ilivyo sasa. Kufuli jipya lilikuja na funguo tatu kwenye pakiti. Mbili nimezitumbukiza chooni. Rehema akitoka tuisheni ya likizo anapita dukani, nampa mkononi, nikirudi ananipa. Chakula kinaiva kwa wakati. Sare zimenyooka. Maji ya chumvi upande wake, ya kunywa upande wake. Ile karatasi nimeibandua, haina kazi, tuko wachache mno. Mjomba angekuja leo angekuta nyumba inaenda, Mama. Inaenda vizuri kabisa. Hamna mtu wa kuivuruga.

Rehema kabla ya kufunga mlango anainua chandarua. Kisha anachungulia chini ya kitanda. Kisha anarudi tena kwenye chandarua. Jana nimemhesabia mara nne. Na nikimpa ufunguo anauvuta kabla sijasema neno, na mimi, tofauti na wewe, naachia.

Somoe tumezungumza naye kwenye simu mara mbili. Mara ya kwanza aliuliza atarudi lini. Mara ya pili aliniambia habari za mbuzi wa mke wa Mjomba, ana watoto wawili, mmoja kapewa yeye. Hakuuliza tena. Nilimwambia vizuri, mpe majani. Sijui niseme nini kingine. Watu wananiambia atakaa muhula mmoja tu. Mimi nilimsikia sauti. Ameshaanza kukaa kulekule.

Kwa hiyo siwezi kukuahidi kwamba atarudi. Niliwahi kuahidi nyumba nzima siku ya arobaini yako, na umeona. Hii ninayokuahidi leo ni ndogo, na naiogopa kuliko ile. Rehema akirudi nitamshikia ufunguo. Atavuta, sitaachia. Nitamwambia yote, kuanzia kwa fundi mpaka saa kumi mlangoni, mpaka nilivyonyamaza. Na kisha nitampigia Mjomba nimwambie yeye pia. Rehema anaweza kunichukia. Anaweza kusema kama ni hivyo na yeye anaenda Lindi, na sitakuwa na mdomo wa kumzuia. Basi nitabaki mimi na Nasra na vyumba viwili vilivyopangika.

Ule ufunguo wako wa kwanza haufungui kitu tena. Nimeurudisha kwenye pindo la ile kanga, nikajaribu fundo lako la kuzungusha mara mbili. Limetoka legelege, lakini limeshika. Nimeikunja nimeiweka chini ya mto. Hukunipa mkononi, Mama. Sikulaumu, ulikuwa unaumwa. Ila ningependa ungenishikia kidogo, ungenitazama, ungeniambia nani yuko wapi.

Namsikia Rehema koridoni, anamsalimia Mama Rozi. Anavua viatu. Mashine ya zege nayo imepumzika.

Pumzika, Mama. Usisikilizie mlango, niko ndani. Ngoja nimfungulie.

Mwanao,
Asha